Njia Tulizoachiwa: Historia ya Viwanja, Vijia na Vivutio vya Kawetele na Jirani Zake



Kila mwaka kitabu hiki kinapotoka huwa tunazungumzia madawati, zahanati na maji. Mwaka huu tumeomba kurasa chache kwa ajili ya jambo ambalo halijawahi kuingia kwenye mahesabu yetu: mahali pa kupita na mahali pa kukaa.

Sababu ni hii. Tulipokuja nyumbani kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, baadhi yetu tulijaribu kuipita kwa miguu njia tuliyokuwa tukiipita utotoni kwenda shule. Ilikuwa njia ya dakika ishirini. Safari hii ilituchukua karibu saa nzima. Pale inapovuka kijito, kivuko cha magogo hakipo tena. Mbele kidogo tukakuta uzio, tukazunguka. Tukakuta ukuta, tukazunguka tena. Mwisho tukatokea barabara kuu, tukatembea pembeni mwa lami pamoja na watoto waliovaa sare, huku malori ya kwenda mpakani Kasumulu yakitupita karibu mno. Mzee tuliyekuwa naye akauliza kwa upole, "Ule ukuta wa pili, mwenyewe mnamjua?" Tulimjua. Ni mmoja wetu. Jina lake limo katika orodha ya wachangiaji wa chama hiki, na halikosekani kila mwaka.

Hatukulileta hili ili kumwaibisha mtu. Aliyejenga ana hati yake na amejenga kwa jasho lake. Tumelileta kwa sababu lilitufanya tuulize: hizi njia na viwanja tulivyokulia, nani alituachia? Tulipozungumza na wazee na kuyasoma machache yaliyoandikwa juu ya Rungwe, tuliona jambo moja likijirudia. Hakuna mahali pa wote palipobaki kwa bahati. Kila panapobaki, kuna watu waliokataa kupagawa.

Uwanja wa kwanza ulikuwa kijiji chenyewe

Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akiwa na msafara wake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1881 aliisifu nchi ya babu zetu kwa namna ambayo hakuisifu nchi nyingine nyingi: migomba iliyotunzwa, nyumba nadhifu, viwanja vilivyofagiliwa. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo, na bado alistaajabu.

Miaka ya 1930 walikuja Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, watafiti wa mila. Walikaa na Wanyakyusa kwa miaka kadhaa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vijiji vyetu vya rika. Vijana waliokulia pamoja machungani walijenga kijiji chao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakaishi humo na wenzao wa umri mmoja hadi uzeeni. Msingi wa kijiji cha namna hiyo ulikuwa watu kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Kwa hiyo kilihitaji uwanja. Nyumba zilipangwa kuacha nafasi pana iliyofagiliwa, migomba ikakaa nyuma ya nyumba, na ng'ombe wakawa na malisho ya wote. Mtu aliyejitenga na wenzake alitiliwa shaka.

Leo tukisikia mjini wanasema "eneo la wazi" tunadhani ni neno la wataalamu wa mipango miji. Babu zetu walikuwa nalo bila ramani.

Miti iliyokatazwa

Namna ya pili ya kulinda mahali ilikuwa ni mwiko. Watemi walizikwa kwenye vichaka vya miti ambavyo havikukatwa wala kulimwa. Kichaka kilichojulikana kuliko vyote ni Lubaga, upande wa Selya, mahali pa Lwembe. Makuhani wa Kikinga walishuka kutoka milima ya Livingstone kuja kutambika hapo pamoja na watu wa bondeni. Waliombea mvua, chakula na afya ya nchi nzima, si ya ukoo mmoja.

Wengi wetu leo ni Wakristo na hatuiti tena mahali pale kwa majina yale. Lakini mtu yeyote anayepita wilaya yetu anaweza kuona kwamba penye mti mkubwa wa asili katikati ya mashamba, mara nyingi pana habari. Katika nchi inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambako kila kipande cha udongo huotesha ndizi, chai au parachichi, mti hauachwi miaka mia mbili kwa kusahauliwa. Uliachwa kwa sababu watu walisema: hapa hapana.

Na nchi yenyewe iliwafundisha kuwa na adabu nayo. Mashariki mwa Tukuyu umesimama mlima Kyejo. Ulilipuka karibu na mwaka 1800, na habari zake hatukuzipata kwa wageni. Zilihifadhiwa na simulizi za wazee, hadi wataalamu wa miamba wakaja kuzikuta zinalingana na mkondo wa mawe uliomwagika pale. Huo ni ushahidi kwamba kumbukumbu ya mdomo, ikitunzwa, hufika mbali.

Misheni, boma na barabara

Mwaka 1891 Wamoraviani walifika na kuanzisha misheni ya Rungwe chini ya mlima. Wajerumani wa serikali nao walikuwa wamejenga makao yao ziwani mwaka 1893, wakayaita Langenburg. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakapanda juu, kwenye hewa baridi mbali na homa za pwani ya ziwa, wakajenga boma jipya hapa Tukuyu na kuliita Neu-Langenburg. Jina hilo lilikufa pamoja na utawala wao; majeshi ya Waingereza yaliuchukua mji mwezi Mei 1916. Majengo ya boma hayakufa. Serikali imeendelea kuyatumia, na mtoto wa Kawetele anayetumwa ofisi za wilaya leo anaweza kupita chini ya kuta zilizojengwa kabla ya babu yake kuzaliwa.

Kabla Mbeya haijaanza kuwa mji mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, mambo ya serikali ya pande hizi yaliamuliwa Tukuyu. Njia za miguu kutoka pande zote zilielekea bomani: kupeleka kodi, kusikiliza kesi, kuuza kahawa, kupeleka mgonjwa. Baadhi zikawa barabara za magari. Nyingine zikabaki vijia vya kukata katikati ya migomba, na ndivyo vijia tulivyokua navyo. Njia ya mkato tuliyoiona kama yetu ya kuchelewa shule, huenda bibi zetu waliipita na mikungu kichwani.

Tusisahau Kyimbila. Hapo misheni ilikuwa na shamba, na chai ilijaribiwa mwaka 1904. Hapo pia aliishi Adolf Stolz, mtu wa misheni aliyependa mimea. Alizunguka kwa miguu milima na mabonde yetu akikusanya majani na maua, akayatuma Ulaya. Mpaka leo katika makusanyo makubwa ya mimea duniani kuna karatasi zilizoandikwa "Kyimbila", na mimea kadhaa imepewa jina lake. Mimea ni ya kwetu, vijia alivyopita ni vya kwetu, na hakuna shaka kwamba walikuwapo wenyeji waliomwonyesha pa kupita. Majina yao hayako kwenye karatasi zile. Hilo nalo ni somo.

Masoko: ziwa dogo lenye mambo makubwa

Mwendo wa kilomita kama 15 kusini mashariki mwa Tukuyu liko ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Ni shimo la volkano lililojaa maji, karibu duara, upana wake kama mita 700 na kina chake zaidi ya mita 35. Kando yake Wajerumani waliweka kambi ya kikosi chao cha tano cha askari. Baada ya vita Waingereza nao wakaweka askari wa KAR. Baadaye jengo likawa mahakama. Kila mtoto wa Rungwe ameambiwa kwamba Wajerumani waliposhindwa walitupa mali zao ziwani, na kwamba sarafu za zamani huonekana ufukweni. Tumeisikia hadithi hiyo kwa namna nyingi kiasi kwamba kila kijiji kina hazina yake.

Lakini hazina iliyothibitishwa ni nyingine. Mwaka 2015 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti juu ya samaki wa Masoko. Watafiti waligundua kwamba samaki wa jamii moja walioingia ziwani humo wamegawanyika: wa rangi ya manjano hukaa maji ya kando, wenye rangi ya bluu iliyokoza hukaa chini kwenye giza, na vinasaba vyao vimeanza kuachana. Kugawanyika huko kumetokea ndani ya miaka kama elfu moja tu. Ziwa ambalo tulilizoea kwa kuogelea na kufua limekuwa darasa la dunia nzima juu ya namna viumbe wapya wanavyotokea. Tope lililoko chini yake pia limechimbwa na kusomwa kama kitabu cha mvua na ukame wa makumi ya maelfu ya miaka.

Masoko limebaki safi kiasi hicho kwa sababu ni dogo, na waliolizunguka walilitunza. Kitu kidogo huharibika upesi. Mtu mmoja akimwaga ndani yake samaki wa kigeni, kitabu chote kimefutika.

Mlima, na kima aliyetajwa na wawindaji

Kaskazini mwa mji, mlima Rungwe unatuangalia ukiwa na urefu wa karibu mita 2,960. Vijito vingi tunavyovivuka, tunavyonywa na tunavyomwagilia vinatoka kwenye misitu yake. Mwaka 2009 msitu huo uliwekwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, zaidi ya hekta 13,000.

Miaka michache kabla ya hapo mlima ulikuwa umetangaza habari yake. Watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa. Wawindaji wakamtaja mnyama mwenye haya anayeitwa kipunji. Wageni walidhani huenda ni hadithi tu. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa rasmi kuwa ni kima ambaye sayansi haikumjua, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kipunji wote duniani ni 1,117, walio wengi wakiwa katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na wachache sana katika milima ya Udzungwa.

Tazameni tena habari hii. Jina la kipunji halikutungwa maabara. Lilikuwa mdomoni mwa wazee waliokuwa wakipita msituni. Laiti njia za msitu zingekuwa zimesahauliwa, na wapita njia wamekufa bila kusimulia, mnyama angeweza kutoweka kabla dunia haijajua kwamba aliishi. Ndiyo maana tunasema njia si ardhi tu. Njia ni ujuzi wa mahali, na ujuzi huo hukaa miguuni mwa watu wanaopita.

Vivutio vingine mnavijua, tutavitaja kwa haraka. Upande wa mto Kiwira, karibu na Chuo cha Magereza, liko Daraja la Mungu, mwamba uliopinda juu ya mto kama uliojengwa na fundi, na Kijungu, ambapo maji huzama kwenye tundu la mwamba na kuchemka bila moto. Kusini yako maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya pazia la maji. Kaskazini, juu ya safu ya Poroto, liko ziwa Ngosi ndani ya kreta yake, urefu wake kama kilomita mbili na nusu, ambalo wazee hulisimulia joka. Kawetele iko katikati ya hayo yote. Mgeni anayelala Tukuyu anaweza kufika popote kati ya hapo na kurudi jioni.

Uwanja wa mpira uliotoa mabingwa

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Vijana wa mji mdogo wa mvua na ndizi waliwaacha nyuma Simba na Yanga. Waliokuwapo hawajasahau, na waliozaliwa baadaye wamesimuliwa mpaka wanadhani walikuwapo.

Timu kama ile haitoki hewani. Inatoka kwenye viwanja vya mtaani, vya mteremko, vyenye goli la mianzi na mpira wa majani ya migomba, ambako watoto mia moja hucheza ili mmoja aonekane. Wakati ule kila mtaa ulikuwa na kiwanja cha namna hiyo. Hesabuni vilivyobaki karibu na nyumba zenu. Tukiendelea kuvigawa, tutabaki tukisimulia mwaka 1986 kwa watoto wasio na mahali pa kupiga hata danadana.

Tunachoomba mwaka huu

Tumejifunza kutoka kwa historia kwamba kulinda hakuanzi na fedha. Kunaanza na kukubaliana. Babu zetu walikuwa na mwiko. Sisi tuna sheria, na sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Maana yake ni kwamba kila kijito kinachopita mtaani petu tayari kina ukanda wa kijani usiopaswa kujengwa. Ukanda huo ukipandwa miti ya asili na kupitishwa kijia, tutakuwa na bustani ndefu kuliko ambayo tungeweza kuinunua.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu, mbali na miradi mingine iliyotajwa kurasa zilizotangulia, itaelekezwa kwenye mambo haya:

Kwanza, kupima na kuweka bikoni kwenye viwanja vya wazi na njia za miguu zilizobaki, kwa kushirikiana na serikali za mitaa na halmashauri, ili viandikwe kwenye ramani kama mali ya wote. Kisichoandikwa leo kitauzwa kesho.

Pili, kujenga vivuko vya miguu kwenye vijito, ili watoto waache kutembea pembeni mwa malori.

Tatu, kuondoa mikaratusi kwenye vyanzo vya maji na kupanda miti ya asili mahali pake. Kila familia ichague mti na kuutunza.

Nne, kuweka mabenchi machache na vibao vyenye historia ya mahali, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, ili mtoto ajue amepita wapi.

Tano, kuwafundisha vijana wetu kazi ya kuongoza wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni anayepita na kwenda kulala Mbeya kwa kukosa wa kumwonyesha njia.

Na la sita halihitaji shilingi. Sisi tuliojenga, hasa tulio mbali tunaokuja mara moja kwa mwaka, turudishe hatua mbili. Mwenye ule ukuta wa pili tulimfuata. Tulikaa naye, tukanywa chai, tukazungumza habari za shule na za njia. Hakujua. Alinunua kiwanja akiwa Dar es Salaam, kwa picha na kwa simu, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba kuna njia. Amekubali kuuvunja upande mmoja na kuujenga upya ukiwa umeacha nafasi ya watu wawili kupishana. Gharama ni yake, na tumemshukuru. Tunaamini wako wengine kama yeye, ambao hawajaulizwa tu.

Wahenga walisema njia ya siku zote haina alama. Ni kweli kwa aliyeizoea. Watoto wetu wengi hawajaizoea, kwa sababu tuliwaondoa wakiwa wadogo, au kwa sababu tuliiziba kabla hawajafika. Kwao tuweke alama sasa, wakati wazee wanaoijua bado wapo na wanaweza kutangulia mbele.

Fomu ya ahadi iko mwisho wa kitabu hiki. Siku ya mkutano mkuu, kabla ya hesabu kusomwa, tutatembea pamoja njia ile ya shule, tangu mwanzo hadi mwisho. Njooni na viatu vya tope.